Bahasha ya Dakika ya Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Daktari wa macho, ambaye ndiye mwenye duka letu la miwani, amesema ataita fundi. Nikamjibu "sawa, daktari" kama mtu ambaye hajawahi kuisikia ahadi hiyo.

Daftari hili nimelinunua mchana, baada ya kusoma tangazo la Jaji. Jukwaa letu la mtandaoni, analolisimamia, linafungwa. Kampuni inayotutunzia kurasa inazima mitambo yake, na Jaji anasema umri haumruhusu tena kuhamisha miaka kumi na mmoja ya ubishi. Siku ya mwisho ni Jumamosi, tarehe 31 Mei, saa sita kamili mchana. Nilisoma mara tatu, chakula kikapoa, nikakirudisha kwenye mfuko.

Nitanakili ninachoweza, kwa mkono. Mashine ya kuchapa ya dukani ni ya vyeti vya wagonjwa, na daktari ana jicho kali.

Jumanne, 4 Machi

Kwa yeyote atakayeliokota daftari hili, nieleze kidogo. Sisi ni watu kama arobaini, wapenzi wa filamu za uhalifu. Kila Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Jaji huweka filamu moja jukwaani. Hakuna anayejua ni ipi mpaka ameiweka. Kila mtu anaitazama kwa nafasi yake, lakini ukifika dakika ya sitini unasimamisha. Hapo unaandika nani mkosaji na kwa nini, unakifunga ulichoandika kwenye bahasha, na juu yake unaweka jina la mpinzani wako. Bahasha yenyewe ni mstari mweusi tu kwenye kioo cha simu. Yule uliyemwandikia akiugusa, unafunguka. Mwingine akiugusa, haufunguki. Na haruhusiwi kuugusa kabla hajaimaliza filamu.

Hakuna wa kukuchunga. Ungeweza kufungua mapema na asijue mtu. Lakini hatufanyi hivyo, basi tu, hatufanyi.

Sheria nyingine: hakuna majina, hakuna namba za simu, hakuna kusema unaishi wapi. Ujumbe wa pembeni Jaji aliuondoa zamani, maana watu walikuwa wakinong'onezana wauaji.

Mimi jukwaani naitwa Lenzi, kwa kuwa nakata vioo vya miwani. Mpinzani wangu, mwaka wa nane sasa, ni Kofia. Wiki aliyojiunga alidai muuaji ni yule bwana aliyeingia sebuleni bila kuvua kofia. Hakuwa yeye. Tangu siku hiyo, filamu baada ya filamu, Kofia anamshika mwenye kofia. Hajapatia hata mara moja, na haoni haya.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Vioo kumi na viwili, kimoja nimekipasua.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimecheka peke yangu karakanani mpaka daktari akachungulia.

Filamu ya wiki hii ina mhasibu aliyeuawa ofisini, na miwani imekutwa kando yake. Polisi wanahangaika na alama za vidole saa nzima. Mimi nimekaa kwenye kiti nachemka. Vioo vile ni vinene pembeni, vyembamba katikati, kwa hiyo mwenye kuvivaa haoni mbali. Na huyo wanayemsumbua anasoma gazeti akiwa amelishika umbali wa mkono mzima, yaani haoni karibu. Wapi na wapi? Nikayaandika yote hayo baada ya filamu kwisha, kurasa mbili, na mchoro.

Kofia akajibu hivi, nanakili neno kwa neno: "Lenzi, wewe hutazami filamu, unapima watu macho. Haya, nipime na mimi. Kulia hasi mbili na nusu, kushoto hasi nne na robo, na muuaji namwona vizuri tu."

Muuaji alikuwa mwingine kabisa, lakini hilo si kitu. Namba zile nimeziandika kwa kalamu ya kuchorea vioo kwenye ukingo wa meza yangu ya kazi. Ajabu ni kwamba sasa naweza kumtengenezea mtu huyu miwani, aivae na asome mbali na karibu, ilhali nikipishana naye mlangoni simjui.

Jumatano, 2 Aprili

Ndoo mbili sasa.

Jumanne, 8 Aprili

Kizibao, yule mcheshi wetu, amefungua kundi la simu ili tuhamie huko. Nimejiunga kwa shingo upande. Watu kumi na tisa, na jina la kila mtu limekaa peupe pamoja na picha yake. Kizibao kumbe anauza bima. Kabla ya saa saba alikuwa ameshatutumia bei tatu na picha ya maua yenye salamu za asubuhi. Mtu mmoja akamtaja muuaji wa filamu ya juzi waziwazi, bila bahasha, kana kwamba anataja bei ya nyanya. Nikaifunga simu.

Kofia hajajiunga. Jukwaani amesema tu: "Sheria ni sheria mpaka saa sita ya siku ile." Nilimkasirikia kidogo, halafu nikamheshimu, halafu nikamkasirikia tena.

Jumapili, 13 Aprili

Baba ametazama nami leo. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na minne, na kutazama naye filamu ni adhabu. Kila mara anacheka pasipochekesha.

"Mwizi halisi hana muziki nyuma yake," akasema. "Nimewaandika mamia kwa mamia. Nusu yao walikamatwa kwa sababu walirudi kuchukua sweta."

"Baba, nyamaza, dakika ya sitini inafika."

"Ikifika kuna nini?"

Nikamweleza habari ya bahasha. Akakohoa, akauliza: "Na wote mnatii? Bila askari?" Nikamwambia ndiyo. "Basi ninyi mngenikosesha kazi," akasema, na nikaona amefurahi.

Jumanne, 22 Aprili

Hii ya leo nanakili yote, hata mkono ukiuma.

Mimi nilianza. Niliandika kwamba filamu ya uhalifu ni mikono. Nani kashika nini, kwa mkono upi, kakiweka wapi. Sura zinadanganya, mikono haina muda huo.

Kofia: "Mikono ni kazi yako, ndiyo maana. Mimi naona filamu ya uhalifu si ya muuaji wala mpelelezi. Ni ya mtu mmoja pembeni aliyekuwa na dakika moja ya kusema jambo, akanyamaza. Angesema, filamu ingeisha dakika ya kumi."

Mimi: "Hizo ni porojo za mtu asiyewahi kupatia."

Kofia: "Miaka minane sijapatia, na bado unanijibu. Nani kati yetu ana matatizo?"

Watu walicheka ukurasa mzima. Baadaye, watu walipokuwa wametawanyika, aliongeza mstari mmoja: "Marehemu mke wangu alikuwa ananiuliza kila Jumatatu, huyo Lenzi wako kasemaje leo. Siku hizi najiuliza mwenyewe."

Nilikaa na mstari huo mchana kutwa. Niliandika jibu mara nne na kulifuta mara nne. Mwishowe nikaandika: "Pole, Kofia." Maneno mawili. Mimi ambaye kuhusu miwani ya maiti niliandika kurasa mbili na mchoro.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua haijapumzika siku sita. Kikohozi cha Baba kimeshuka kifuani. Anasema ni kikohozi tu.

Jumatatu, 19 Mei

Jukwaani watu wameanza kuagana. Mmoja ameandika kwamba alijiunga akiwa anatafuta kazi na sasa ana watoto watatu. Jaji kwa mara ya kwanza amesema jambo lake mwenyewe: alilianzisha jukwaa hili baada ya rafiki yake wa kutazama naye filamu kuhamia mbali.

Mimi sijaaga. Niseme ukweli humu, maana humu hakuna wa kunicheka. Namtaka Kofia abaki. Sijui nimtake kama nani. Nina miaka arobaini na sita, niliolewa nikaachika, kazi ninayo, Baba ninaye, sijilalamikii. Lakini kila ninapoona kitu cha ajabu, tangu miaka minane iliyopita, namweleza yeye kichwani kwanza kabla sijamweleza mtu aliye mbele yangu. Ikifika tarehe 31 nitakuwa namweleza nani?

Ningeweza kuvunja sheria na kumwuliza hadharani, unaitwa nani, nikupate wapi. Vidole vinagoma. Namsubiri aanze yeye, mimi nikiwa na kiburi changu kama kawaida. Na yeye ni mtu wa sheria ni sheria.

Jumatatu, 26 Mei

Filamu ya mwisho. Jaji ameiweka saa nne kamili, nami nilikuwa na simu mkononi chini ya meza kama mwanafunzi. Ni ngeni kwetu sote, hakuna aliyesema ameshaiona. Mwenye duka la viatu ametoweka. Kuna mke, kuna mshirika wake wa biashara, kuna tarishi mwenye kofia. Bila shaka Jaji kaiteua kwa makusudi.

Nanakili mambo ya leo kama yalivyo: "Kofia kwa Lenzi. Bahasha. Saa nne na dakika nne." Na chini yake: "Lenzi, hii usichelewe kuifungua."

Ana haraka, huyu. Na mimi siku zote ni kobe machoni pake. Nitaitazama kesho, leo nina vioo tisa vya kumaliza.

Jumanne, 27 Mei

Nimefika dakika ya sitini nikasimamisha. Bahasha yangu kwa Kofia inasema hivi: "Ni mke. Hakuuliza hata mara moja mumewe alikuwa wapi." Nilitaka kuongeza neno. Nikaona bahasha ni ya mshukiwa, nisiichafue. Neno langu nitaliweka hadharani Ijumaa, nikishamaliza filamu na kufungua yake.

Alhamisi, 29 Mei

Baba amelazwa. Asubuhi alishindwa kuvaa viatu kwa kukosa pumzi. Nimonia. Maji yalikuwa yamejaa barabarani, tukatembea hatua mia mbili za mwisho, mimi nimemshika, yeye ananiomba radhi njia nzima.

Ijumaa, 30 Mei

Usiku mbaya na mchana mbaya. Wodi haina mtandao. Sijaikumbuka filamu hata kidogo.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi Baba aliomba uji, akaumaliza. Muuguzi akasema homa imeshuka. Ndipo nikakumbuka siku. Saa tano na dakika kumi na tano.

Nikamsogeza Baba na kitanda chake karibu na dirisha, ambako muuguzi alisema mtandao unapatikana ukibahatika. Ukapatikana. Filamu ilikuwa imebaki dakika arobaini na moja, na hadi saa sita nilikuwa na dakika arobaini na tano. Inatosha, nikajisemea. Nikaanzia pale nilipoishia, sauti chini, Baba ananiangalia.

Saa tano na nusu daktari wa wodi akapita. Nikasimamisha. Alimsikiliza Baba kifua mbele na nyuma, akaniuliza maswali, akanielekeza dawa, na nisingeweza kumwambia mtu aliyemwokoa baba yangu kwamba nina filamu. Alipoondoka ilikuwa saa tano na dakika hamsini na mbili. Filamu bado dakika ishirini na sita.

Nikafungua ukurasa wa jukwaa. Mstari mweusi ulikuwa pale, na jina langu juu yake. Kofia kwa Lenzi.

"Ni nini?" Baba akauliza.

Nikamweleza. Filamu haitaisha. Bahasha itapotea.

"Sasa si ufungue."

"Sijamaliza, Baba."

"Mwanangu, kumebaki dakika saba na hao watu hawapo hapa. Nani atakujua?"

"Wewe ulipokuwa karani, ulikuwa unafungua bahasha za watu?"

Akacheka, akakohoa, akafumba macho. "Sikuwahi," akasema. "Lakini mbili nilizitamani."

Nikarudi kwenye filamu. Niliitazama mpaka simu ikaonyesha saa sita, kwa sababu sikujua la kufanya na dakika zile. Nilipogeukia jukwaa, ukurasa ulikuwa mweupe na maandishi madogo kwamba anwani hiyo haipo. Na neno langu la kuaga, lile la hadharani, nalo nilikuwa sijaliandika.

Nililia kidogo, nikimpa Baba mgongo. Lakini nilijisikia msafi. Miaka minane, na hata siku ya mwisho sikuiba.

Alhamisi, 5 Juni

Baba amerudi nyumbani. Amekonda. Mvua imekatika.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwuliza Kizibao kwenye kundi la simu kama yupo anayejua Kofia ni nani, au hata Jaji. Kwa mara ya kwanza hakufanya utani. Akaniandikia: "Hapana, dada. Wote nimewauliza. Pole sana." Saa moja baadaye akanitumia bei ya bima, lakini nadhani ndiyo namna yake ya kubembeleza. Nimemsamehe.

Jumatatu, 9 Juni

Saa nne asubuhi nilichukua simu nikaishika. Mazoea.

Jioni Baba akasema tuimalize ile filamu, ikibaki hivyo inamnyima raha. Tukaitafuta kwingine mtandaoni, tukaimaliza.

Si mke. Mke hakuuliza kwa sababu alikuwa anaogopa jibu. Ni tarishi. Ni mwenye kofia.

Baba alishangaa kuniona nimesimama katikati ya sebule nimejishika kichwa. Miaka minane. Filamu mia nne na kitu. Kapatia ya mwisho, na sina wa kumwambia. Nilitaka kumwandikia herufi kubwa ukurasa mzima. Nilitaka anijibu jibu lake la kejeli. Nilimtaka sana hata nikaketi sakafuni.

"Hujui kama aliandika tarishi," Baba akasema. "Bahasha hukuifungua."

"Kofia ataandika nani mwingine?"

Jumanne, 10 Juni

Nimeshindwa kufanya kazi leo. Nimepasua vioo viwili.

Asubuhi nilifungua daftari hili ili nipige mstari chini ya ule ukurasa wa 26 Mei na kuandika pembeni: amepatia. Nikasoma nilichokinakili kwa mkono wangu mwenyewe. Filamu imewekwa saa nne kamili. Bahasha ya Kofia imeingia saa nne na dakika nne.

Dakika nne. Filamu ngeni kwetu sote, na bahasha huandikwa dakika ya sitini, na mwandishi ni mtu ambaye hajavunja sheria tangu nimjue. Ndani ya dakika nne alikuwa hata hajamwona tarishi. Ile bahasha haikuwa na mshukiwa. Ilikuwa tayari imeandikwa, ikisubiri Jaji afungue mlango. Usichelewe kuifungua, aliniambia. Aliniambia waziwazi.

Nimewashika watu wangapi kwa saa ya ukutani? Nimeandika kurasa ngapi kuhusu stakabadhi yenye saa isiyowezekana? Hii nikaiandika mwenyewe, nikaikalia, nikasema ana haraka.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo lilinifikia nikiwa bafuni. Yeye aliimaliza filamu. Alifungua bahasha yangu. Baada ya yote aliyoyaweka kwenye yake, jina lake labda, au namba, au mahali, alikuta: "Ni mke. Hakuuliza hata mara moja mumewe alikuwa wapi." Akasubiri mpaka saa sita. Anaamini nimesoma nikanyamaza.

Nilimsomea Baba ukurasa wote. Hakucheka. Akasema, "Nilikwambia ufungue," kwa sauti ndogo sana, halafu akaniomba msamaha kwa kusema hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Jua. Vioo kumi na vinne.

Ijumaa, 27 Juni

Fundi wa paa amekuja leo, wiki tatu baada ya mvua kwisha. Daktari amemsimamia kama anayejenga ikulu.

Mchana kikaletwa cheti cha mgonjwa. Kulia hasi mbili na nusu. Kushoto hasi nne na nusu. Nikatazama ukingo wa meza, nikatazama cheti. Tofauti ni robo, jicho moja. Jicho la mtu huweza kushuka robo kwa mwaka.

Mimi sitoki karakanani. Miaka kumi na mitano wagonjwa wananijua kwa dirisha dogo. Leo nilitoka, na aproni yangu ya vumbi la kioo, nikaenda mpaka alipokaa bwana mmoja wa makamo mwenye mwavuli.

"Samahani, kaka. Unapenda filamu za uhalifu?"

Akanitazama kwa macho yake yasiyoona mbali. "Mke wangu ndiye anayezipenda," akasema kwa upole. "Mimi dakika ya ishirini nimeshalala."

"Ahsante," nikasema. "Miwani yako itakuwa tayari saa tisa."

Daktari alinifuata karakanani akafunga mlango. Nilijiandaa kukemewa. Akauliza, "Unamtafuta nani?"

"Mtu."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Kulia hasi mbili na nusu, kushoto hasi nne na robo. Pengine imeshabadilika kidogo. Kuna jambo aliniambia na sikulijibu."

Nilifikiri atacheka. Ni mwanamke wa mzaha mwingi, na miaka yote nimemwona kama mtu wa ahadi hewa na paa linalovuja. Alichukua kalamu kutoka mfuko wa aproni yangu, akaandika zile namba mbili kwenye kipande cha karatasi, akaenda kukibandika ukutani juu ya meza yake, pale anapokaa kila mgonjwa anayekuja kupimwa.

"Mwenye hizi akija nimwulize nini?" akasema.

"Mwulize kama anamjua Lenzi."

Akaongeza na hilo chini ya namba. Kisha akaniambia niharakishe miwani ya yule bwana, anawahi nyumbani.